Picha Kutoka Simu Iliyofungwa

"Basi kama haifunguliki na mtu mwingine, Mama Vipimo, aliyeifungua ni wewe."

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, amesimama mbele ya meza ya Katibu wa hospitali, mdomo wazi. Mpaka leo hajaufunga. Na utamlaumu vipi? Amejifunga mwenyewe kwa maneno yake, tena kwa sauti ya juu, tena mbele ya mashahidi.

Wewe uliyechelewa kuungana nasi, vuta kiti, nakuharakishia. Mama Vipimo ni mpimaji damu, miaka ishirini na tisa kazini, imebaki miezi saba astaafu. Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, picha ya ukurasa mmoja wa daftari la maabara ilitoka kwenye simu yake ikaenda kwenye simu ya Seremala, baba wa mtoto aliyelazwa wodi ya mifupa. Ukurasa una majina kumi na moja ya wagonjwa na majibu ya damu zao. Seremala ameleta mashtaka. Amekaa pale kulia kwa Katibu, mkewe kando yake, macho sakafuni.

"Sikutuma mimi," alisema Mama Vipimo. "Simu hii ina mchoro wa kuifungua. Mchoro naujua mimi na Mungu wangu."

"Na Mungu hatumi picha," alijibu Katibu.

Seremala alijikuna kidevu. Ni mtu mpole, wa maneno machache, na mikono yake bado ina vumbi la mbao.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Wewe ndiye uliyenipima siku ile nikamtolea mwanangu damu. Lakini juzi jioni nawasha data, nakuta picha imetoka kwako, majina ya watu kumi na mmoja na siri zao. Kama imenifikia mimi, kesho itamfikia nani? Mke wangu aliniambia niachane nayo. Nikasema hapana, mule kuna mama za watu."

Mkewe alizidi kuinamisha kichwa.

"Saa tisa kamili," Katibu alisema, huku akimpa Mama Vipimo nakala ya barua ya mashtaka. "Uje na maelezo, au uje na kalamu usaini kusimamishwa. Baada ya hapo baraza la wapimaji ndilo litakaloamua kama utashika tena sindano maishani mwako."

Mama Vipimo alitoka bila kuaga. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa nje ya maabara yake mwenyewe. Watu waliokuwa kwenye foleni wakamsogelea wakidhani wanaanza kupimwa.

"Mimi leo mgonjwa," aliwaambia. "Mwiteni mwenzangu."

Miaka ishirini na tisa! Amepima wakubwa na wadogo, amejua nani ana mimba kabla mume hajajua, na siku zote anapita sokoni mdomo umeshonwa. Leo anaitwa mmwaga siri. Hakuona haya kufuta machozi kwa pindo la koti lake jeupe.

Akaitoa simu, akaitazama kwa hasira.

Simu yenyewe unaijua, msomaji wangu, maana nimekuchekesha nayo toka sehemu ya kwanza. Imezeeka, kioo kimepasuka kona ya chini, mpira wa bluu umeizunguka tumbo. Mkwewe alimnunulia mpya. Ipo kabatini, chini ya mashuka, ndani ya boksi lake, inasubiri sijui harusi ya nani. "Hii imezoea vidole vyangu," husema Mama Vipimo. "Ile ya mkwe inaniuliza maswali mengi."

Na kazini simu hii ndiyo miguu yake. Wodi ya mifupa iko ng'ambo ya ua, juu ghorofani, na magoti yake hayataki ngazi. Kwa hiyo kila ukurasa wa daftari ukijaa, anaupiga picha na kumtumia daktari wa wodi. Halafu betri inakata, anaichomeka kwenye soketi ya dirisha la kupokelea sampuli, kwa sababu soketi za ndani zimekaliwa na friji na mashine ya kuzungusha damu. Pale dirishani, ilipobandikwa namba yake ya simu, kila anayeleta kichupa cha damu huegemeza kiwiko.

Kwa hiyo kuishika, mtu angeweza. Lakini kuifungua?

Sasa sikia, maana hili Katibu halijui, na Seremala ndiye kabisa.

Katika ukurasa ule, mstari wa sita ni mtoto wa Seremala, kundi la damu AB. Mstari wa tisa ni Seremala mwenyewe, aliyekuja kumtolea mwanawe damu ya upasuaji wa mguu. Kundi O. Damu ya O inaongezewa watu wa kila kundi, ikafaa, mtoto akapona. Lakini baba wa O hazai mtoto wa AB. Wapimaji wanalijua hilo hata wakiamshwa usingizini.

Jumatatu, alipoandika mstari ule wa tisa, kalamu ya Mama Vipimo ilisita. Akainua macho dirishani. Mke wa Seremala, mwanamke mrefu, alikuwa amesimama pale, anamtazama.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna, mwanangu. Damu ya baba yake inafaa."

Ukurasa ulipojaa akaupiga picha, akatuma wodini, akafunga daftari kabatini kwa ufunguo. Yeye anapima damu, hapimi ndoa za watu. Hakumwambia hata paka.

Na sasa ukurasa ule ule umo mikononi mwa mume, na kama kazi itamponyoka, itamponyoka kwa sababu ya ukurasa ule.

Saa ya ukutani ilisema saa saba kasorobo. Mama Vipimo akainuka. Magoti au si magoti, alivuka barabara hadi kwa Bisibisi.

Bisibisi ni fundi simu, kibanda chake kinatazamana na geti la hospitali. Amejifunga kioo cha kukuzia kipajini, na mezani kwake kuna trei ya skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Ukimpigia chafya anakufukuza.

"Shangazi!" alipokea simu kwa mikono miwili. "Hii bado iko hai? Wenzake wote nimewazika mimi."

"Acha mzaha, leo sina mbavu za kucheka. Ifungue."

"Nipe mchoro."

"Sikupi. Ifungue bila mchoro."

Bisibisi akateremsha kioo chake machoni. "Unataka niweze, au unataka nishindwe?"

Mama Vipimo akapiga hesabu. Akishindwa, basi simu ni ngome kama alivyojisifu, na yeye ndiye mkosaji. Akiweza, basi miaka yote hii amebeba siri za watu kwenye kapu lililotoboka. Roho ilimuuma kote kuwili.

"Fanya tu," alisema.

Bisibisi hakushika hata bisibisi. Alichukua simu yake mwenyewe, akampigia Mama Vipimo. Simu kuukuu ikalia mezani.

"Kupokea hakudai mchoro, si ndiyo?" Akapokea. "Sasa tunaongea, mimi na mimi. Hapa pameandikwa ongeza mtu. Nagusa. Majina yako haya yote yamekuja. Nachagua huyu, Dada Mkubwa. Nagusa pale pa sura yake, inaniuliza kama nataka kumbadilishia picha. Nasema ndiyo."

Picha zote za Mama Vipimo zikamwagika kwenye kioo. Wajukuu. Mguu wake uliovimba mwaka jana. Kurasa za daftari, moja baada ya nyingine, majina ya watu yakisomeka.

"Toba!" Mama Vipimo alishika kifua. "Na mchoro wangu?"

"Mchoro wako uko mlangoni, unalinda. Mimi nimepita dirishani."

"Na simu ya binti yangu, nayo ina mchoro, iko hivyo?"

"Ya binti yako ilishazibwa. Tundu hili waliligundua miaka mitatu iliyopita, wakatuma marekebisho. Lakini waliyatuma kwa simu changa, za umri huu waliziacha zijifie. Na yale machache yaliyokufikia kabla hawajakutupa, uliyafanya nini?"

Mama Vipimo akatazama pembeni. "Inaniandikia sasisha sasa. Nami nagusa baadaye."

"Kwa muda gani?"

"Usinihoji kama Katibu."

Bisibisi akacheka, kisha akaona uso wake, akaacha. Alitaka kumwondolea picha moja kuonyesha kwamba mwizi anaweza hata kufuta. Akagusa kikapu cha taka chini ya kioo. Badala ya kufuta, simu ikafungua orodha ya watu wa kutumiwa, na jina la juu kabisa ni la Bisibisi mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hewani.

"He! Mbona inataka kunitumia?"

"Ni huo ufa wa kona," Mama Vipimo alimwelekeza bila hata kutazama. "Ukigusa kikapu, inachukua alama ya jirani. Mimi hugusa juu yake kidogo, nimeshazoea. Niambie, njia hii wanaijua wangapi?"

"Sisi mafundi. Na wachache tuliowaonyesha. Mwezi uliopita tu alikuja mwanamke ana simu kama hii hii, kasahau mchoro, analilia picha za mwanawe. Nikamwonyesha, akaondoka kafurahi. Mama mmoja mrefu hivi, mumewe..."

Mama Vipimo hakuwa akisikiliza tena. Ah, laiti angesikiliza! Alikuwa ameshafungua simu kwa mchoro wake na kuingia kwenye orodha ya waliompigia.

Jumanne. Saa nne na dakika kumi. Imepokelewa, dakika tatu.

Jumanne saa nne yeye alikuwa chumba cha ndani, anamtafuta mshipa mtoto mchanga anayelia, na simu ilikuwa dirishani kwenye chaji. Hakupokea simu ya mtu.

Akaisoma namba iliyopiga, isiyo na jina. Akaitoa nakala ya barua ya mashtaka mfukoni. Chini ya saini ya mlalamikaji paliandikwa namba yake ya simu. Akasoma tarakimu moja moja, kidole huku, kidole kule.

Ni ile ile.

"Mshenzi mkubwa!" Mama Vipimo alipiga meza, skrubu zikaruka. "Kaniingilia mwenyewe, kajitumia mwenyewe, halafu kaja kunishtaki mwenyewe!"

"Skrubu zangu, shangazi!"

"Nionyeshe tena ile njia. Polepole. Nataka niifanye mimi."

Alijifunza mara moja, akarudia mara ya pili, mara ya tatu Bisibisi akampigia makofi. Saa nane na nusu alivuka barabara kurudi, kifua mbele, na kama kuna mtu aliyemsalimia njiani, hakumsikia.

Saa tisa kamili akaingia ofisini bila kubisha hodi. Katibu yupo. Seremala yupo. Mkewe yupo, amebana mkoba mapajani.

"Umekuja na kalamu?" aliuliza Katibu.

"Nimekuja na simu." Akaiweka juu ya meza, imefungwa, kioo cheusi. "Bwana Katibu, nipigie."

"Nikupigie wakati uko mbele yangu?"

"Nipigie, baba, usiogope."

Katibu akapiga. Mama Vipimo akapokea. Kidole chake kikapita njia yote aliyofundishwa, bila kukosea hata hatua moja, na kila hatua anaitaja kwa sauti kama anayewafundisha wanafunzi wa maabara. Picha zilipomwagika kwenye kioo, Katibu aliinuka kitini.

"Bila mchoro?"

"Bila mchoro. Nilikula yamini asubuhi kwamba haifunguliki. Nilikosea, nawaomba radhi. Simu hii ni kuukuu na imetoboka, na nililijua jina lake tu, si ugonjwa wake."

Katibu akaichungulia simu yake mwenyewe, ambayo nayo si ya jana wala juzi, akaifunika kwa faili. Kisha akaivuta barua ya kusimamishwa, akaanza kuikunja.

Kama Mama Vipimo angeishia hapo! Jina lake lilikuwa limeshasafika. Angeaga, angerudi kwenye vichupa vyake, nami leo ningekosa cha kukusimulia. Lakini alikuwa na hasira ya toka asubuhi, na hasira ile ilitaka mtu wake.

"Sijamaliza. Huyu aliyeingia alinipigia kwanza, Jumanne saa nne na dakika kumi. Na namba yake hii hapa." Akamgeukia Seremala, kidole kimenyooka. "Ni yako! Soma! Nimekukosea nini mimi, mwanangu, mpaka unichimbe hivi?"

Seremala hakuruka wala hakufoka. Aliichukua simu, akaitazama namba, akaitoa na yake, akatafuta upande wa simu zilizopigwa. Uso wake ulijaa mshangao wa kweli.

"Ni kweli," alisema. "Imetoka kwangu."

"Unakubali?" Katibu akauliza.

"Nakubali namba. Lakini Jumanne saa nne nilikuwa karakana, napiga randa milango ya watu, wapo wa kunishuhudia. Simu yangu..."

Akamgeukia mkewe.

"Simu yako ilikuwa wapi?" Katibu akauliza.

Seremala akaigeuza simu kiganjani. "Simu nilimwachia mke wangu hapa hospitali. Yake ilikuwa imeharibika."

Mama Vipimo akamtazama yule mwanamke, akaona anavyofungua na kufunga zipu ya mkoba, na papo hapo akaelewa kila kitu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Amekuja kujiokoa, na amemburuta mwenzake hadi katikati ya chumba.

"Bwana Katibu," alisema haraka, sauti imebadilika, "unajua, simu hizi za zamani zina vituko. Zinajipigia zenyewe. Pengine hakuna aliyefanya kitu. Tuseme ni hitilafu, tuyamalize, mtoto anasubiri wodini."

"Hapana, mama," Katibu alisema. "Umetuonyesha vizuri sana. Ilihitaji mtu wa kuishika."

Seremala alimgusa mkewe bega, taratibu. "Ulikuwa unatafuta nini kwenye simu ya mama?"

Mwanamke akauteremsha mkoba sakafuni.

"Sikutaka kutuma. Wallahi sikutaka. Nilitaka kuifuta. Niligusa kikapu, ikaja orodha, nikadhani inaniuliza kama nina hakika, nikagusa pa juu. Ikapotea kwenye kioo. Nikajua imefutika."

Mama Vipimo akafumba macho. Kona ile iliyopasuka, ambayo yeye haimsumbui kwa kuwa vidole vyake vimeizoea, na mkwewe kila akija anamwambia mama, achana na hiyo simu.

"Kufuta?" Seremala alitabasamu kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeota vibaya. "Ufute nini, mama watoto? Mtoto amepona. Damu yangu imemfaa, mama huyu mwenyewe alisema. Mimi pale karakana nimewachosha watu, kila mteja namwambia, damu yangu ndiyo inayotembea mwilini mwa mwanangu."

Mkewe akaangua kilio. Hakikuwa kilio cha aibu ya kushikwa na simu ya mtu, na Seremala, mpole vile, si mjinga. Tabasamu likamtoka taratibu. Alimtazama mkewe, akamtazama Mama Vipimo, akaona namna wanawake wale wawili wanavyokwepa kutazamana.

Akaifungua ile picha kwenye simu yake. Akaikuza kwa vidole viwili vyenye vumbi. Akatafuta jina la mwanawe, mstari wa sita. Akatafuta lake, mstari wa tisa. Midomo yake ikasoma kimya kimya, juu, chini, halafu juu tena.

"Toka juzi naitazama hii," alisema. "Naona herufi tu. Mwanangu ana zake, mimi nina zangu."

Akainuka, akazunguka meza, akaiweka simu mbele ya Mama Vipimo.

"Umeandika wewe kwa mkono wako, mama, na wote hapa tunajua huna uongo. Nisomee. Maana yake nini?"

Katibu aliiacha barua nusu imekunjwa. Mke wa Seremala akainua uso kwa mara ya kwanza toka asubuhi, umelowa machozi, akamtazama Mama Vipimo, akatikisa kichwa mara moja tu.

Miaka ishirini na tisa, na Mama Vipimo hajawahi kumsomea mtu jibu la uongo. Alivaa miwani yake, ingawa hakuihitaji, akaishika simu ya Seremala, akafungua mdomo.